Kunguni wa Vyumba Vinne

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi nyumbani na begi moja, godoro moja na barua moja. Barua inasema nimesimamishwa masomo hadi tarehe saba Aprili kwa kosa la "kuchochea wanafunzi". Kuchochea nakubali, kosa nakataa. Tulipeleka madai kumi na mawili kwa uongozi wa chuo, yote ya haki na yote kwa maandishi. Dai la saba lilihusu kunguni katika mabweni, na nililisoma mimi mwenyewe mbele ya umati, nimesimama juu ya pipa la maji lililopinduliwa. Nilisema wazi kwamba chumbani kwangu hawamo, kwa kuwa mimi sidai kwa tumbo langu, nadai kwa ajili ya wote. Nilishangiliwa sana.

Mama alikuwa kwenye cherehani. Hakuisoma barua. Aliutazama muhuri, akaikunja, akaibana chini ya mkasi isipeperuke. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Godoro umelianika?"

"Mvua, Mama."

"Haya. Jua lina siku yake."

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Nyumba yetu ina vyumba vinne vilivyopangana chini ya bati moja, na kuta zake hazifiki juu. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, anaombewa afya chumba cha nne. Cha kwanza anakaa Kinyozi, ambaye hunyolea wateja wake barazani. Cha pili ni chetu, mimi na Mama, kwa mwaka wa kumi na moja sasa, pamoja na cherehani na nguo za watu. Cha tatu ni cha Mama Pacha. Mumewe anaendesha lori la masafa na huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Cha nne ni cha Fundi Saa, mzee mnyamavu anayetengeneza saa ambazo watu wengine wangezitupa. Mwenye Nyumba ni bibi anayeishi ng'ambo ya ua, dirisha lake likitutazama.

Kinyozi amenikuta bombani.

"Mheshimiwa, wamekurudisha kwa wananchi?"

"Nimekuja kuwasikiliza wananchi."

"Basi sikiliza. Maji yamekatika, na ndoo yako imekaa mbele ya yangu."

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na malengelenge matatu mkononi, yamejipanga mstari mmoja kama askari. Mama ameyatazama. Amelitandua shuka langu na kulipiga pasi ya mkaa mara mbili, hasa kwenye pindo. Nilimwambia kwamba shuka la kulalia halihitaji pasi, kwamba huo ni urembo wa watu wenye nafasi. Alinyunyiza maji akaendelea. Nampenda mama yangu, lakini nakiri kwamba wakati mwingine namwona kama mtu aliyezikwa katika mambo madogo.

Jumatano, 12 Machi

Ni kunguni. Nimemwona mmoja kwa macho yangu, bapa kama mbegu ya tikiti, akipanda ukuta kwa utulivu wa mtu anayelipa kodi.

Nilipotoka uani nilimkuta Mama Pacha akiwapaka watoto wake mafuta migongoni. Aliwafunika haraka.

"Ni joto," akasema.

"Mama Pacha, ni kunguni. Hata kwetu wapo."

"Punguza sauti, mwanangu. Unataka nchi nzima isikie?"

Nimegundua jambo. Jana chumba cha tatu kilinuka dawa ya kupuliza, mlango umefungwa, redio imewashwa kwa sauti kubwa kuficha mlio wa kopo. Usiku ule ule tulivamiwa sisi. Leo dawa inanuka kwa Fundi Saa, na sina shaka kesho Mama Pacha ataona cha moto. Kila mmoja anapuliza peke yake, kwa siri, kwa siku yake, na kunguni wanapita juu ya kuta kwenda kwa jirani na kurudi. Hatuwaui, tunapokezana. Hivi ndivyo wanyonge wanavyoshindwa popote: kila mmoja anamfukuzia mwenzake adui, halafu anajipongeza kwa ushindi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimetafuta chanzo na nimekipata. Siku zile zile nilizorudi, Kinyozi alileta kiti cha kunyolea kilichokwisha kutumika, chenye mto mnene wa sponji, alichokitoa anakojua mwenyewe. Mtu hukaa, hunyolewa, huondoka; mwingine hukaa. Kuna usafiri gani bora zaidi kwa mdudu?

Nimeandika waraka wa ukurasa mmoja na kuubandika kwenye mlango wa bafu, mahali pekee ambapo kila mpangaji hulazimika kusimama. Naunakili hapa mwanzo wake, kwa kuwa nadhani ni kazi nzuri:

"Wapangaji wenzangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia. Hatukuzaliwa na kunguni hawa. Wameletwa. Wameletwa ndani ya mto wa kiti, na aliyewaleta anatuchekea kila asubuhi. Je, tutaendelea kulisha kwa damu yetu starehe ya mtu mmoja?"

Sikutaja jina. Uani kuna kiti kimoja tu.

Jumamosi, 15 Machi

Mwenye Nyumba ameusoma waraka, miwani puani, kanyoosha shingo. Ametukusanya barazani.

"Nyumba hii niliijenga tofali kwa tofali," akasema. "Aliyewaleta atoke nao. Mwisho wa mwezi chumba chake nakitaka kitupu."

Hakumtazama Kinyozi. Wengine tulimtazama. Alikuwa anafuta wembe kwa kitambaa, akaendelea kuufuta muda mrefu baada ya kutakata.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Wateja wawili walifika kwa Kinyozi, wakakitazama kiti, wakakumbuka shughuli nyingine. Leo hakuniita Mheshimiwa. Ameniita "dada".

Jumamosi, 22 Machi

Andiko hili litakuwa refu, na sitaki kulipamba.

Asubuhi Mama alimaliza kushona sare ya mwisho, akaitundika, akaniita. Godoro langu lilikuwa juu ya meza yake ya kukatia, mahali pa heshima ambapo hata sahani haijawahi kuwekwa. Alinipa kile kisu chake kidogo cha kufumulia nyuzi.

"Fumua."

"Nifumue nini?"

"Huu mshono wa ubavuni. Polepole, usikate kitambaa. Mdudu hukaa penye mshono. Ndiko kwenye kivuli na ndiko asikofika mkono wa mtu."

Nilifumua. Kufikia shibiri ya kwanza nilikutana na madoa meusi, kama mtu aliyedondosha wino. Shibiri ya pili, maganda makavu, mepesi, mamia, yaliyovuliwa na vizazi na vizazi. Shibiri ya tatu, mayai meupe yaliyobanana mkunjoni. Halafu wenyewe, wazima, wanono, wakikimbia mwanga.

Mtu hahitaji chuo kikuu kuelewa kwamba maganda mamia hayavuliwi kwa wiki tatu. Hawa walikuwa nami bwenini muhula mzima. Nilisimama juu ya pipa nikawalaani, na jioni nikarudi kulala juu yao.

Nilitafuta pa kukimbilia. "Lakini kile kiti, Mama."

"Kile kiti kilipita hapa kabla hakijaingia kwake. Aliniomba nikibadilishie kitambaa, siku mbili kabla hujarudi. Nilifumua mshono wote kwa mkono wangu. Ndani mlikuwa na nywele za watu na sarafu moja. Mdudu hamna."

"Uliujua ukweli ulipousoma waraka."

"Waraka wako umeanza vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Ulipofika hapo ungetulia kidogo, ukaangalia nguo."

Nilikaa chini. Nikamwuliza tangu lini alijua. Akasema alimwona wa kwanza siku ya tatu baada ya kurudi kwangu, kwenye shuka langu, akamponda kwa gumba. Ndiyo maana ya ile pasi. Kila asubuhi nilipokuwa nikiandika mawazo yangu, yeye alikuwa akiunguza mayai yao kwenye pindo kwa chuma cha moto, peke yake, bila neno.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuja na ile barua. Nikasema mtoto ana mzigo, asiongezewe. Nikadhani nitawamaliza kimya kimya kabla hujajua." Akaokota ganda moja mezani. "Nilikosea. Kimya changu kimemfikisha Kinyozi hapo alipo. Sasa mimi na wewe tuna deni la maneno. Lako kubwa zaidi, kwa hiyo utatangulia."

"Tukisema, tutafukuzwa sisi. Miaka kumi na moja, Mama. Cherehani itakwenda wapi? Wateja wako wote wanaujua mlango huu."

"Najua."

Alichukua pasi akaanza kuupitia ule mshono, shibiri kwa shibiri, na kila ilipopita nilisikia mlio mdogo, kama chumvi kwenye moto.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Sikusema.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Nimeandika rasimu ya kukiri. Ina utangulizi kuhusu hali ya mabweni nchini. Nimeichana. Sikusema.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Rasimu ya pili ina kurasa tatu, na neno "mimi" linatokea kwa mara ya kwanza katika ukurasa wa tatu. Sikusema.

Jumatano, 26 Machi

Nimemfuatilia Mama leo, na lazima nikiri kwamba katika miaka mitatu ya mikutano, kamati na maazimio, sijawahi kuona mtu akipanga watu namna hii. Hakuitisha mkutano. Alitundika futi ya kupimia shingoni, akabisha hodi chumba kimoja baada ya kingine.

"Hodi. Nimekuja kupima godoro lako."

"La nini, Fundi?" Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni kama ukuta; uani Mama ndiye Fundi, yule wa chumba cha nne ni Mzee.

"Nataka nilishonee mfuko mpya. Vyumba vyote. Mabaki ya vitambaa yamenijaa."

Na mtu akipimiwa godoro, godoro huonekana. Mama Pacha alijaribu kuligeuza upande mzuri, Mama akaligeuza upande mbaya, akayatazama yale madoa, akasema kwa sauti ile ile anayotumia kutaja kiuno cha mtu: "Na wewe pia. Hata sisi. Siku ya kwanza ya jua tunatoa yote nje, vyumba vinne, saa moja. Wewe una lile pipa la kuchemshia maji. Utakuja?"

Mama Pacha akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka. "Wiki mbili nimekuwa nikidhani ni mimi peke yangu niliye mchafu."

"Uchafu hauhusiki. Wanakula damu, hawali takataka. Futi tatu na nusu. Shika hapa."

Kwa Fundi Saa aliulizia ile lenzi anayoipachika jichoni. Kwa Kinyozi aliomba nyembe za kufumulia nyuzi.

"Mimi mwisho wa mwezi naondoka, Fundi," Kinyozi alimwambia. "Godoro langu la nini?"

"Utaondoka nalo likiwa safi au chafu?"

Alifikiri. "Safi."

"Basi saa moja."

Vyumba vyote vinne, bila hotuba, bila kura, bila mtu hata mmoja kuaibishwa. Mimi kwa waraka mmoja niliwagawa kwa dakika tano.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kinyozi amekishusha kioo chake kikubwa barazani, akakivingirisha katika blanketi na kukifunga kamba. Ukutani pamebaki mraba mweupe. Nilimwona, akaniona. Sikusema.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua imekatika jioni. Mama ametoka nje, ametazama juu, amerudi na kuanza kunoa mkasi.

Jumamosi, 29 Machi

Jua. Jua la haki, la kukausha kisima.

Saa moja ua wote ulikuwa umejaa: magodoro matano, mawili yetu, juu ya meza na mabenchi, mashuka kwenye pipa la Mama Pacha yakitokota, vitanda vimefunguliwa chaga kwa chaga. Mama alikuwa na pasi tatu, mbili za kuazima, zikipokezana mkaa. Alimpa kila mtu kazi aliyokuwa tayari anaiweza. Kinyozi alifumua kwa wembe, na sijaona mkono mwepesi kama ule. Uzi ulikatika, kitambaa hakikuguswa. Fundi Saa alipachika lenzi jichoni, akainama juu ya mishono na mbao akitumia kibano chake cha kushikia vyuma vya saa, akitangaza kama mtu anayesoma matokeo: "Yai. Yai. Mama na wanawe." Mama akafuata nyuma na pasi na kitambaa kibichi, na mvuke ukapanda. Mama Pacha alimwaga maji ya moto kwenye nyufa za vitanda. Mimi nilisugua chaga kwa brashi na sabuni. Nilikuwa mwenye ujuzi mdogo kuliko wote, na kwa mara ya kwanza hilo halikuniuma.

Mwenye Nyumba alitoka akasimama kizingitini mwake, mikono nyuma.

"Naona kazi inakwenda," akasema. "Na wewe Kinyozi, naona kioo umeshafunga. Vizuri. Mtu muungwana huondoka mapema."

Kinyozi hakuinua kichwa. Mama naye hakuinua, ila pasi yake ilisimama. Nilijua kwamba hataniita. Nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu mfukoni. Niliweka brashi chini, nikasema maneno kumi.

"Kunguni walitoka kwenye godoro langu. Kiti cha Kinyozi hakina kosa."

Pipa lilitokota. Kinyozi alikunja wembe.

"Tangu lini unajua?"

"Jumamosi iliyopita."

"Siku saba."

"Siku saba."

"Kioo nimekifunga juzi. Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama pale."

Hakuna jibu lililo refu kuliko hilo ambalo si uongo. Alinitazama, kisha akaufungua tena wembe na kurudi kwenye mshono wake. Sikusamehewa, niliachwa nisimame.

Mwenye Nyumba alishuka ngazi. "Basi nimesikia. Fundi, wewe nakuheshimu, unajua. Lakini neno langu ni lile lile. Keshokutwa nataka chumba."

Mama aliiweka pasi kwenye kigae chake. "Ni haki yako, Bibi. Ila hesabu na langu. Wa kwanza nilimwona mimi, siku ya tatu, nikanyamaza. Kijana wa watu akatuhumiwa, nikanyamaza. Mtoto ameleta, mimi nimeficha. Tutatoka wote wawili, kwa makosa mawili."

Halafu Mama Pacha, huku anakoroga pipa, bila kugeuka: "Mimi nilipuliza dawa nikaziba upande wangu kwa matambara, ili wahamie kwa Mzee. Nilikusudia."

"Nami kesho yake nikawarudisha," akasema Fundi Saa, lenzi ingali jichoni. "Nilikusudia pia."

Kinyozi akakohoa. "Mimi sikupuliza. Ila wateja niliwaambia wanatoka kwa huyu Mzee."

"Nilisikia," akasema Fundi Saa. "Mimi ni mzee, si kiziwi."

Aliyecheka kwanza ni Mama Pacha, kisha Kinyozi mwenyewe, kisha hata Mama, ambaye hucheka kwa mabega tu. Mwenye Nyumba alituangalia mmoja mmoja. Wote tuna hatia. Akitaka kumtoa mwenye kosa, nyumba nzima itabaki na mwangwi. Nilidhani atakasirika. Badala yake nilimwona akijikuna kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu asiyetaka kuonekana. Akageuka, akaingia ndani. Tulisikia kitu kikiburutwa. Akatoka na mto mkubwa wa kochi kifuani.

"Fundi," akasema, akitazama pembeni, "huu nao mniangalizie."

"Ulete mezani, Bibi," akasema Mama, na akasogeza godoro letu kumpa nafasi.

Fundi Saa aliinama juu ya pindo la kwanza. "Yai," akasema.

Jumapili, 30 Machi

Jua. Miguu ya vitanda vyote imewekwa ndani ya makopo ya mafuta. Kinyozi amekirudisha kioo chake ukutani, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Jumatatu, 31 Machi

Ni siku ya mwisho wa mwezi, na hakuna aliyehama. Nimekwenda kwa Kinyozi kuomba radhi kama inavyopasa, ana kwa ana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ule waraka uliuandika vizuri," akasema. "Nilipousoma nilimchukia kabisa huyo mtu mwenye kiti. Halafu nikakumbuka ni mimi."

Nilikitazama kile kiti.

"Kaa," akasema, akikipiga kile kiti vumbi.

"Unataka kuninyoa?"

"Sitaki kukunyoa. Kaa tu, watu wakuone. Wewe ndiye uliyewafukuza, wewe utawarudisha."

Nimekaa pale tangu saa nne hadi jua kuzama, barazani, mbele ya mtaa mzima. Kwa kila aliyepita na kusita nilieleza: kiti ni safi, wadudu walikuwa wangu. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Kufikia mara ya ishirini nilikuwa nasema kama anayetoa salamu. Wateja watano walinyolewa, na kila alipoingia mmoja nilinyanyuka, akiondoka narudi. Jioni Kinyozi aliniambia, "Kesho tena, Mheshimiwa."

Alhamisi, 3 Aprili

Manyunyu. Fundi Saa amekagua vyumba vyote kwa lenzi. Hakuna kitu. Mama amesema siku tano hazitoshi kuimba ushindi, kila Jumamosi ataangalia tena.

Jumapili, 6 Aprili

Kesho narudi chuoni. Mama amemaliza mifuko ya magodoro, sita, ukihesabu na wa mto wa Mwenye Nyumba. Wangu ameukunjua mbele yangu, nikadhani ameugeuza kwa bahati mbaya: mishono yote iko nje, na imeshonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheusi. Kwa fundi kama yeye, ambaye maisha yake yote amefundisha kwamba mshono mzuri ni ule usioonekana, huku ni kutembea barabarani bila viatu.

"Mama, iko nje."

"Nimeitoa makusudi. Kikiingia kitu, utakiona kabla hujaanza kumtafuta mwenzako."

Nimeuvisha kwenye godoro. Nimelipa dirisha kisogo, uso ukabaki kivulini, Mama asiuone. Mwanamke huyu, ambaye mwezi uliopita nilimwandika humu kama mtu aliyezikwa katika mambo madogo, alikuwa ameshika jambo zima kwa ncha ya pasi, na mimi nilikuwa nikimtolea hotuba kuhusu mashuka.

Chuoni mapambano yapo pale pale, na madai yangu yote kumi na mawili bado ni ya haki. Pipa la maji nalo lipo. Ila dai la saba nimeliandika upya.

"Utasema nini safari hii?" ameniuliza Mama, akifunga begi langu. Ndani yake ametia pasi moja ya mkaa, nzito kama dhambi.

"Nitaanza na godoro langu."

"Umelianika?"

"Tangu asubuhi."

"Haya," akasema, akakata uzi wa mwisho kwa meno.